Si Jangwa Lililoua Coyotes, ni Maisha ya Kupanga

Tarehe 17 Aprili 2024, timu ya hoki ya barafu ya Arizona Coyotes iliichapa Edmonton Oilers 5-2 ikiwa nyumbani. Mashabiki walikuwa 4,600, uwanja umejaa pomoni. Mechi ikaisha na watu hawatoki. Wamesimama tu pale, wanaimba, wanalia, wachezaji nao wanazunguka kwenye barafu wakiwapungia mkono. Kesho yake wenye timu za ligi ya NHL wakapiga kura, na hivyo tu, Coyotes ikawa imeisha. Wachezaji, makocha, mikataba, kila kitu kikahamishiwa Salt Lake City, jimbo la Utah.

Timu imeshinda mechi Jumatano, Alhamisi haiko. Na bado kuna watu watakuambia shida ilikuwa joto.

Kwa wale hawaufuatilii huu mchezo, ni hoki ya magongo ile unayoijua, lakini inachezwa juu ya barafu, watu sita kila upande, na badala ya mpira kuna kisahani kigumu cha raba kinaitwa paki. NHL ndiyo ligi kubwa zaidi duniani ya mchezo huu. Ina timu 32 za Marekani na Canada, wakati huo kila moja ilikuwa inacheza mechi 82 kabla ya awamu ya mchujo, na mwisho wa yote mmoja anabeba Kombe la Stanley. Coyotes ilikuwa na makao yake eneo la Phoenix, Arizona, jangwani kabisa.

Hapo ndipo watu wanapenda kuanzia. "Barafu jangwani? Mlitarajia nini?" Inachekesha, inapendeza masikioni, na inamaliza mjadala kabla haujaanza. Mimi naikataa. Hiyo ni stori ya kuwaondolea lawama waliostahili lawama na kuwatwika mashabiki.

Angalia Las Vegas. Hiyo pia ni jangwa, na joto lake si la mchezo. Timu yao, Golden Knights, ilianza 2017, ikafika fainali msimu wake wa kwanza kabisa, na 2023 ikabeba kombe. Dallas kuna joto, na walibeba kombe 1999. Tampa Bay iko Florida, mahali watu wanavaa kaptura Desemba, na wamelibeba mara tatu. Na miezi miwili tu baada ya Coyotes kufungiwa pazia, nani alibeba kombe la 2024? Florida Panthers. Kwa hivyo hiyo habari ya jua tuiweke kando.

Tofauti ya Vegas na Phoenix ni moja. Vegas, uwanja ulikuwepo kabla ya timu. T-Mobile Arena ilifunguliwa 2016, ikajengwa kwa pesa za kampuni binafsi, dola milioni 375, katikati ya mji ambapo watu wako. Timu ilipokuja ilikuta kitanda kimetandikwa. Coyotes ilikaa Arizona miaka 28 na haikuwahi kulala kwenye kitanda chake.

Sasa sikiza hii safari, na uniambie kama haifanani na maisha ya msee anayehama ploti kila mwaka.

1996, timu inatoka Winnipeg, Canada, ambako iliitwa Jets. Inaingia katikati ya Phoenix, kwenye uwanja uliojengwa kwa ajili ya mpira wa kikapu wa Phoenix Suns. Barafu ni kubwa kuliko uwanja wa kikapu, kwa hivyo kulikuwa na viti ambavyo ukikaa huoni goli la upande mmoja. Umelipa tiketi, umekaa, na bao limefungwa mahali macho yako hayafiki.

Desemba 2003 wanahama. Wanaenda Glendale, magharibi ya mji, kwenye uwanja mpya mzuri. Lakini mashabiki wengi wenye pesa za tiketi walikuwa wanaishi upande wa pili kabisa, kule Scottsdale na mashariki. Fikiria unaishi Kitengela na timu yako inacheza Limuru, Jumanne jioni, na wewe uko kwenye foleni ya magari kutoka kazini. Mara ya kwanza utaenda. Mara ya kumi utaangalia kwa runinga. Halafu mtu fulani ofisini ataandika kwenye ripoti kwamba wewe hupendi hoki.

2009 timu inafilisika na kesi inaenda mahakamani. Jim Balsillie, mmoja wa wakuu wa kampuni iliyotengeneza simu za BlackBerry, anataka kuinunua na kuipeleka Hamilton, Canada. Ligi inakataa, jaji naye hamruhusu, mwishowe ligi yenyewe inainunua na kukaa nayo hadi 2013. Katika hiyo miaka, jiji la Glendale lililipa ligi dola milioni 25, mara mbili, ndio timu isiondoke. Hizo ni pesa za umma, za jiji ambalo pia lina barabara, polisi na maktaba za kulipia.

Na cheki hii: 2012, timu ikiwa haina mwenyewe, iliongoza kundi lake na kufika fainali ya ukanda wa magharibi. Wachezaji walifanya kazi yao. Wachezaji karibu kila mara walifanya kazi yao.

Baada ya hapo wakaja wenye timu wapya, na mkataba mpya ambao jiji lingelipa dola milioni 15 kila mwaka kwa miaka 15. 2015 madiwani wakachoka, wakapiga kura kuuvunja. Wakakubaliana upya, kwa muda mfupi. Timu ikawa sasa ni mpangaji wa mwaka kwa mwaka, yule ambaye mwenye nyumba akimwona langoni anageuza uso.

Agosti 2021 Glendale ikasema imetosha, msimu ujao ndio wa mwisho. Desemba hiyo hiyo ikatoa onyo kwamba timu isipolipa ushuru uliokuwa unadaiwa, milango ya uwanja itafungwa kwao. Deni la ushuru, la jimbo na la jiji kwa pamoja, lilikuwa zaidi ya dola milioni 1.3. Timu ikasema ni makosa ya kibinadamu, ikalipa. Lakini wewe unajua vile hiyo huwa. Ukishaona kufuli mpya mlangoni mara moja, hata ukilipa, hiyo nyumba si yako tena.

Wakaenda wapi? Chuo kikuu. Siongezi chumvi. Kuanzia Oktoba 2022, timu ya ligi kubwa zaidi ya hoki duniani ilikuwa inacheza Mullett Arena, uwanja wa timu ya wanafunzi wa Arizona State. Viti 4,600 kwa mechi za NHL. Kule Montreal uwanja una viti kama 21,000. Mechi za mwanzo, timu za wageni zilibadilishia nguo kwenye vyumba vya muda kwa sababu jengo la vyumba vya kubadilishia lilikuwa bado halijaisha. Wahenga walisema cha kuazima hakisitiri matako, na hapa matako yalikuwa nje, ligi nzima ikiangalia.

Mpango ulikuwa wakae hapo kwa muda tu, wakijenga kwao Tempe, mji jirani. Mradi wa dola bilioni 2.1, juu ya ardhi iliyokuwa jaa la taka, na uwanja, hoteli, nyumba na maduka. Tarehe 16 Mei 2023 wakazi wa Tempe wakapiga kura. Maswali matatu, majibu matatu: hapana, hapana, hapana. Karibu asilimia 56 walikataa.

Hapo mashabiki wengi wa hoki waliwalaani watu wa Tempe. Mimi siwalaani. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Walikuwa wameangalia Glendale ikinyolewa kwa karibu miaka 20. Waliambiwa mradi utajilipia, lakini ndani yake kulikuwa na misamaha ya ushuru. Uwanja wa ndege wa Phoenix ulikuwa karibu na jiji la Phoenix lilikuwa limepinga nyumba kujengwa chini ya njia ya ndege. Mtu wa kawaida akauliza: hii timu imeshindwa kuelewana na kila aliyeipangisha, kwa nini mimi nitakuwa tofauti? Hilo ni swali la akili. Imani ya majirani haijengwi kwa matangazo ya miezi mitatu kabla ya kura.

Sasa ndio tufike kwa msimu wenyewe, 2023 hadi 2024, kwa sababu nataka ujue ni nini kilipotea.

Hii timu ilianza vizuri. Vijana wenye kasi kina Clayton Keller na Logan Cooley, chini ya kocha André Tourigny. Kati ya mwisho wa Novemba na mwanzo wa Desemba walifanya kitu ambacho hakuna timu iliwahi kufanya: walipiga mabingwa watano wa mwisho wa Kombe la Stanley, mmoja baada ya mwingine, mechi tano mfululizo. Vegas, Tampa Bay, Colorado, St. Louis, Washington. Timu iliyopanga kwa wanafunzi ilimaliza orodha ya matajiri kwa siku kumi.

Katikati ya Januari walikuwa bado ndani ya mbio za kuingia mchujo. Halafu ikaporomoka. Kutoka mwisho wa Januari hadi mwisho wa Februari walipoteza mechi 14 mfululizo. Ni muda huo huo ambapo Marty Walsh, mkuu wa chama cha wachezaji wa NHL, alikuwa anasema hadharani kwamba hali ya Arizona haimridhishi, na kila mtu na mikrofoni yake alikuwa anauliza timu itakaa wapi mwaka ujao.

Siwezi kukuambia ni kichapo kipi kilitokana na ukuta wa ulinzi na kipi kilitokana na mawazo. Hakuna anayeweza. Majeraha yapo, bahati mbaya ipo. Lakini hawa ni watu. Wana watoto shuleni, wana nyumba, wana wake wanaouliza "tulipe mwaka mzima au tungoje?" Jaribu kufanya mtihani ukiwa hujui kama jioni utakuta vitu vyako nje, halafu mtu akuulize kwa nini umepata C.

Na bado hawakulala. Walimaliza na ushindi 36, vichapo 41 vya kawaida na vitano vya muda wa ziada au penalti. Pointi 77, nje ya mchujo. Kipa wao, Connor Ingram, alipewa tuzo ya Bill Masterton, ambayo ni ya mchezaji aliyeonyesha uvumilivu na kuupenda mchezo.

Halafu kuna Josh Doan. Baba yake, Shane Doan, alikuja na timu kutoka Winnipeg 1996, akawa nahodha, akacheza mechi 1,540 bila kuvaa jezi ya timu nyingine yoyote ya NHL. Josh alilelewa Arizona, akacheza hoki ya chuo pale pale Mullett, akasajiliwa na Coyotes. Tarehe 26 Machi 2024 akacheza mechi yake ya kwanza ya NHL, kwenye uwanja ule ule wa chuo, na akafunga mabao mawili. Wiki tatu baadaye timu ya baba yake haikuwepo.

Ukitaka ushahidi kwamba hoki ilikuwa imeshika mizizi jangwani, ndio huo. Na kama mmoja hautoshi, chukua Auston Matthews. Mama yake anatoka Mexico, yeye akakulia Scottsdale akiangalia Coyotes, na msimu huo huo timu yake ya utotoni ikizikwa, yeye akiwa Toronto alifunga mabao 69. Mfungaji hatari kuliko wote duniani alitoka kwenye mji ambao eti "haupendi hoki".

Habari za kuuzwa zilianza kuvuja wiki ya pili ya Aprili. Wachezaji wakaelezwa wakiwa safarini Canada, mechi zikiwa bado hazijaisha. Kisha hesabu ikatoka. Ryan Smith, mwenye timu ya kikapu ya Utah Jazz, alilipa dola bilioni 1.2. Bilioni moja ilienda kwa Alex Meruelo, mwenye Coyotes tangu 2019. Milioni 200 zikagawanywa kwa wenye timu wengine.

Soma hiyo tena polepole. Timu isiyo na nyumba, iliyokuwa inacheza chuoni, imemletea mwenyewe bilioni. Shabiki aliyekuja Glendale kwenye foleni, akaja Mullett kwa tiketi ghali kwa sababu viti ni vichache, huyo alipata nini? Alipata jezi ya timu ambayo haipo.

Tena Meruelo aliachiwa jina na haki ya kuirudisha Coyotes akijenga uwanja ndani ya miaka mitano. Alikuwa analenga ardhi ya jimbo, ekari 110 kaskazini mwa Phoenix, mnada uwe 27 Juni 2024. Siku chache kabla, idara ya ardhi ikaufuta kwa sababu ya kibali kilichotakiwa kwanza. Meruelo akaachilia. Kwa makaratasi, timu ya Utah ni mpya, ilizaliwa 2024 na sasa inaitwa Mammoth. Rekodi za Coyotes zimebaki kwenye kabati la ligi, hazina mtu.

Najua mtu atasema: "Biashara ni biashara. Wachezaji sasa wako na uwanja mkubwa, Utah wamewapokea vizuri, lia polepole." Nakubali nusu. Wachezaji walistahili bora, na siwezi kumwambia kijana abaki kwenye chumba cha muda ndio mimi nifurahi. Mashabiki wa Utah hawajaiba kitu. Lakini kama ni biashara tu, basi wasituambie timu ni familia wakati wa kuuza tiketi za msimu. Familia haiuzwi Alhamisi asubuhi.

Na si lazima iwe hivyo. Marekani hiyo hiyo kuna Green Bay Packers, timu ya ule mpira wao wa miguu na mikono. Mji una watu kama laki moja tu. Baridi kali, hakuna utajiri wa ajabu. Lakini timu inamilikiwa na mashabiki wenyewe, zaidi ya laki tano wenye hisa, na iko pale pale tangu 1919. Hakuna tajiri wa kuamka siku moja na kuipakia kwenye lori, kwa sababu hakuna tajiri.

Hapa kwetu hii inatuhusu kwa karibu kuliko unavyodhani. Kenya tuna timu ya hoki ya barafu, Ice Lions. Mazoezi yao ni kwenye barafu ndogo ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa. 2018 walipelekwa Canada wakacheza pamoja na kina Sidney Crosby, na dunia ikawapigia makofi. Halafu corona ikaja, barafu ikafungwa, na timu nzima ya taifa zima ikakosa pa kucheza kwa sababu kuna barafu moja na si yao. Hawakukata tamaa, na 2024 Kenya ikakubaliwa kwenye shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Makofi yalikuwa mengi. Barafu bado ni ile ile moja.

Na tusiishie kwenye barafu. Ingwe imekuwepo tangu 1964, Gor tangu 1968. Hizo ni timu za wanachama, hakuna mdosi anaweza kuziuza Utah, na hapo tumewashinda Arizona. Lakini uwanja wao wenyewe uko wapi? Nyayo na Kasarani zikifungwa kurekebishwa, timu zetu kubwa zinabeba mabegi leo Machakos, kesho Kisumu. Talanta nayo ikaanza kujengwa, viti 60,000, na kila mtu akapiga picha. Ni vizuri. Lakini mkeka mzuri sebuleni kwa mwenye nyumba haukufanyi wewe uwe mwenye nyumba.

Kwa hivyo wakati ujao timu yako ikitangaza mwekezaji mpya, na jamaa wamesimama na jezi mbele ya kamera wakitabasamu, usiulize kwanza wanasajili nani. Uliza timu itacheza wapi na hati ya hiyo ardhi ina jina la nani. Uliza mkataba wa uwanja ni wa miaka mingapi. Uliza huyo mwekezaji akichoka, jina na rangi zitabaki kwa nani.

Mashabiki wa Arizona hawakuulizwa chochote, hata mara moja, kwa miaka 28. Walikuja tu. Wakaja Phoenix, wakaja Glendale, wakaja chuoni, wakajaza kila kiti walichopewa usiku wa mwisho. Anayesema hawakuipenda timu yao hajui kupenda ni nini.